Marekani na Ziwa Tanganyika: namna ya kusoma nyaraka zake

Ubishi kuhusu Marekani kwenye vijiwe vya Kigoma una pande mbili tu. Mmoja anasema mabeberu ndio waliovuruga Kongo, mwingine anamwambia alete ushahidi, na kahawa inaishia hapo. Ajabu ni kwamba ushahidi upo, ni wa bure, na sehemu kubwa imechapishwa na Wamarekani wenyewe. Ila una mitego, na asiyeijua hutoka na nusu ya habari.

Chukua mwaka 1964. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliangushwa Stanleyville (leo Kisangani) kutoka kwenye ndege za Marekani aina ya C-130, kuwaokoa wageni walioshikwa mateka na waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo. Jarida la Time la tarehe 4 Desemba likamweka jaladani Paul Carlson, daktari mmisionari wa Kimarekani aliyeuawa siku hiyo. Kifo chake kilikuwa cha kweli na cha kikatili. Lakini Wakongo walikuwa wakifa kwa maelfu katika vita hiyohiyo: wengine mikononi mwa waasi, wengine mikononi mwa jeshi la serikali na mamluki, wengine kwa mabomu ya ndege. Malcolm X, ambaye mwezi Oktoba alikuwa Dar es Salaam na akaonana na Mwalimu Nyerere, aliwashutumu waandishi wa kwao kwa kuhesabu roho za weupe na kuzipita zile nyeusi. Ukilifungua gazeti la siku zile, usitafute uongo kwanza. Tafuta nani ametajwa kwa jina, na nani ameitwa tu “waasi” au “wanakijiji”.

Swali la pili ni tarehe. Ndege za kivita za T-28 na B-26 zilizokuwa zikiwapiga Simba zilirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na mafundi walitoka kampuni iitwayo WIGMO, iliyosajiliwa Liechtenstein. New York Times lilieleza kwa kirefu jinsi CIA ilivyounda jeshi hilo la anga. Lilieleza Aprili 1966, waasi wakiwa wameshavunjwa. Wanaosema vyombo vya habari vya Marekani huficha kila kitu wanakosea. Mara nyingi hutoa, ila baada ya maamuzi kupita. Kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi, kwa sababu linawapa sifa ya uwazi bila kumzuia mtu yeyote.

Sasa nyaraka zenyewe. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mfululizo wa vitabu uitwao Foreign Relations of the United States, na vyote vinasomwa bure kwenye history.state.gov. Kitabu cha Kongo ni juzuu ya XXIII, 1960–1968, kilichotoka 2013. Cha Tanzania kimo ndani ya juzuu ya XXIV, 1964–1968. Usisome kurasa mojamoja mtandaoni, utamaliza bando. Pakua kitabu kizima kwa muundo wa EPUB, kisha kifungue bila intaneti.

Kwa nini Kongo ilisubiri hadi 2013? Mwaka 1989 Wizara ilitoa juzuu ya Iran ya 1951–1954 bila kugusa mkono wa CIA katika mapinduzi ya 1953. Wanahistoria wa Marekani walikuja juu, na mwaka 1991 ikapitishwa sheria ya kutaka mfululizo huo uwe kamili na wa kuaminika. Juzuu za Kongo za miaka ya tisini nazo zilikuwa na pengo la shughuli za siri, na hii ya 2013 ilitungwa kuliziba. Kwa hiyo anayekunukulia juzuu ya zamani peke yake anakupa toleo lenye tundu.

Makosa ya kutafuta ni haya. Ukiandika Kalemie hupati kitu, andika Albertville. Kisangani ni Stanleyville, Kinshasa ni Leopoldville, Lubumbashi ni Elisabethville. Ukiandika CIA utapata kidogo kuliko ilivyo, maana maamuzi ya siri yalipitishwa na kamati iliyoitwa Special Group, na kuanzia 1964 ikaitwa 303 Committee. Tafuta majina hayo pia. Halafu usiishie kwenye telegramu za ubalozi wa Leopoldville, kwa sababu hao waliitetea serikali waliyokuwa wakiisaidia. Weka pembeni yake za William Leonhart, balozi wa Marekani Dar es Salaam, za wiki hiyohiyo.

Mabano ya mraba ndani ya nyaraka hizo usiyaruke. Yanaposema mistari minne haijaruhusiwa kutolewa, hesabu nafasi yake: yako baada ya neno gani, kabla ya kiasi gani cha fedha? Huenda kilichofichwa ni jina la mtu au la nchi iliyosaidia, na telegramu ya siku za mbele ikawa imelitaja kwa kusahau.

Tahadhari kwa upande wetu. Novemba 1964 Waziri wetu wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza barua zilizodai kuna njama ya mataifa ya Magharibi dhidi ya Tanzania. Marekani ilisema ni za kughushi, na Mwalimu akaja kukubali maelezo hayo. Kuichukia dola kubwa hakuifanyi karatasi kuwa halali. Karatasi isiyo na namba ya jalada, tarehe na mahali ilipohifadhiwa, iache.

Kisichopatikana unaweza kukiomba. Sheria ya uhuru wa habari ya Marekani ya 1966 inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata asiye raia. Taja ofisi, miezi na mahali. Ombi la “kila kitu kuhusu Kigoma” litarudishwa. Asiyeomba kwa biashara hupewa saa mbili za utafutaji na kurasa 100 bila malipo. Sheria inasema jibu ndani ya siku 20 za kazi, ila tegemea zaidi. Wakikunyima watataja kifungu: b(1) ni usalama wa taifa, b(3) ni sheria nyingine inayozuia. Wakikuambia hawathibitishi wala hawakanushi, unazo siku 90 za kukata rufaa. Kateni, ni bure.

Kitu kimoja hakimo humo: watu wa mwaloni. Che Guevara, mwanamapinduzi aliyetoka Cuba, alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kwenda kuwasaidia waasi, akarudi Novemba, na CIA ikaweka boti za doria ziwani. Wavuvi waliokutana nazo hawakuandikiwa telegramu. Wazee wachache wa Kibirizi na Ujiji bado wanakumbuka, lakini ukimuuliza mzee mwaka, atakisia. Muulize kama boti zile zilionekana kabla au baada ya uchaguzi wa Septemba 1965, maana mamluki wa serikali ya Kongo walishuka Baraka, ng'ambo ya ziwa, tarehe 27 ya mwezi huohuo.