Usiulize upake nini, tazama saa

Ninapofundisha huduma ya kwanza, swali linaloulizwa kuliko yote ni "mtu akiungua nimpake nini?" Dawa ya meno, siagi, ute wa yai, asali. Mimi huomba kwanza mtu atazame saa.

Maji ya moto yakishamwagika mwilini, joto hubaki ndani ya nyama na kuendelea kuunguza. Kinachoondoa joto hilo ni maji baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Wengi humwagia kopo moja, mtoto akinyamaza wanaacha. Tafadhali usiache! Kama hakuna bomba, mwagilia taratibu kwa kopo huku mwingine akileta maji zaidi, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe asishikwe na baridi. Hata saa 3 zikipita tangu aungue, maji hayo bado yanasaidia. Vua pete na bangili mapema, kabla hajavimba. Barafu hapana, huumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Na hivyo vya kupaka, muuguzi atalazimika kuvisafisha ili akione kidonda, na mgonjwa ateseke mara ya pili. Malengelenge yaache yalivyo, funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Akiungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au eneo linalozidi kiganja chake, aende hospitali.

Damu ya pua: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Akiinua kichwa, damu hushuka kooni. Jeraha nalo ni hivyo hivyo: gandamiza kwa nguvu, na kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake.

Kifafa ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu ya tunavyowatendea watu. Kijiko mdomoni cha nini? Ulimi haumezeki, meno ndiyo huvunjika. Usimkamate kwa nguvu. Sogeza vitu vigumu, weka nguo laini chini ya kichwa, hesabu dakika. Zikizidi 5, au kikirudi kabla hajazinduka, au kama ni mara yake ya kwanza, ita gari la wagonjwa. Kikitulia, mlaze ubavu. Na watawanye watazamaji, jamani. Huenda amejikojolea. Mfunike, akae na mtu mmoja atakayezungumza naye kwa upole mpaka fahamu zirudi.

Ila aliyezimia na hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, huyo usimsubirie dakika hata moja. Mtu mmoja apige simu, wewe weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwenda chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kifua kiinuke kila mara. Mikono huchoka haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo badilishaneni kila dakika 2, bila kusitasita katikati, mpaka apumue au wahudumu wafike.