Usukani unaovuta kushoto

Gari nililonunua mkononi lilikuwa linavuta kushoto, na fundi mmoja pale Nyakato, Mwanza, alitaka kubadilisha raki nzima, yaani mtambo wa usukani unaogeuza magurudumu ya mbele. Nikakataa. Barabara zetu huinama kidogo kuelekea ukingoni ili maji yateremke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuvuta kidogo si ugonjwa. Hili lilizidi. Upepo wa matairi ulikuwa sawa. Tukabadilishana matairi ya mbele, la kulia kushoto na la kushoto kulia, gari likaanza kuvuta kulia! Shida ni tairi, wala si raki.

Usukani bado ulikuwa unacheza. Tukapiga jeki, nikashika gurudumu ubavuni kwa mikono miwili, nikalitikisa: tairodi, fimbo inayounganisha raki na gurudumu, imelegea. Hiyo usiiahirishe, hasa kama unakwenda Magu na mabasi ya Musoma yanakufukuza nyuma. Ukishaibadilisha, pima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, siku hiyohiyo.