Siku yangu kwenye ngazi za Mama Kamakhya

Saa kumi na moja alfajiri kilima cha Nilachal kimeshapata mwanga. Assam iko mashariki kabisa mwa India ila saa zetu ni zilezile za Mumbai, kwa hiyo mwezi huu wa Juni jua hutangulia watu kuamka. Navua kitambaa kibichi kilichofunika ndoo za maua na kuanza kutunga makoja. Hibiskasi nyekundu huja kwanza, maana ndizo azipendazo Mama Kamakhya, mungu wa kike wa Wahindu. Nilizaliwa Mombasa kwenye nyumba ya Kigujarati, nikaolewa huku Guwahati, na kibanda changu cha sadaka kiko kwenye ngazi za kupandia hekalu la Kamakhya. Jamaa wa nyumbani wakinipigia simu, hakosekani wa kuniuliza kama ni kweli ninauza vitu vya uchawi.

Basi niwaambie ninachouza. Sinia langu lina koja, nazi, sinduri (unga mwekundu wa kupaka), mtandio mwekundu, bangili, vijiti vya udi, kitaa cha udongo na utambi wake, na vitamu vya kutolea sadaka. Mwenye uwezo ananunua sinia zima, asiye nacho anachukua ua moja, na yote hupokewa.

Saa kumi na moja na nusu makuhani wanateremka kuosha pahali patakatifu, na saa kumi na mbili wanaanza ibada ya kila siku. Ni watu wa koo za Bordeuri, wanaorithishana kazi hii. Sisi wa nje tunasikia kengele tu. Kuba lililo juu yao, lenye umbo la mzinga wa nyuki, lilijengwa upya mwaka 1565 na mfalme Naranarayan wa ufalme wa Koch na nduguye Chilarai, baada ya hekalu la zamani kuvunjwa.

Saa mbili mlango unafunguliwa. Leo Jumanne, siku ya Mama, foleni imejikunja hadi bwawa la Saubhagya Kunda. Bibi harusi mmoja, hina bado mbichi mikononi, alinishika mkono: "Baideu (yaani dada), huko ndani Mama amekaa vipi? Nitamwona uso?"

"Hana sanamu, mdogo wangu. Shuka polepole, ngazi zina utelezi. Ukifika chini, inama uguse maji."

Ndivyo ilivyo. Unateremka gizani penye vitaa vya mafuta tu, mpaka kwenye mwamba wenye ufa, uliofunikwa nguo na maua, na chemchemi inaulowesha muda wote. Ule ufa ni uke wa Mama. Wazee wanasimulia kwamba Sati, yaani Mama huyuhuyu, alipokufa, mumewe mungu Shiva alimbeba mabegani akizunguka ulimwengu kwa uchungu, hata mungu Vishnu akaukata ule mwili kwa gurudumu lake, na sehemu hii ikaangukia hapa. Wengine wakisikia habari hii wanainamisha macho. Mimi siioni aibu yake. Hakuna aliyekuja duniani bila kupita kwa mama.

Kufikia saa nne wanapita watu na mbuzi, na njiwa kwenye vikapu. Nimelelewa bila kula nyama, na miaka ya mwanzo sikuweza kutazama upande ule. Kamakhya hupokea damu. Wanyama wa kike tu ndio hawachinjwi. Wapo wanaowapaka sinduri na kuwaachilia, ndiyo maana mbuzi wa kilimani hawana mwenyewe na hula makoja yangu wakipata nafasi. Mpaka leo siungi mkono kuchinja, lakini sitamwita mshenzi anayetoa alichonacho kwa nadhiri.

Saa saba mlango unafungwa, Mama apelekewe chakula kilichopikwa. Namwachia binti wa shemeji yangu kibanda nikaenda kwa Dhumavati.

Dhumavati ni mmoja wa mama wakuu, yaani miungu wa kike, walio kumi. Watatu wako chini ya kuba moja: Kamakhya mwenyewe, Matangi na Kamala. Saba waliobaki, akina Kali, Tara na Bhuvaneshvari aliye kileleni, wana nyumba zao humuhumu kilimani. Chinnamasta, aliyejikata kichwa akakishika mkononi, anafikiwa kwa ngazi za kushuka kama pangoni. Dhumavati ni mjane, mzee, ana ungo mkononi na kunguru ndiye ndege wake. Katika nchi ambako mjane amewahi kufukuzwa harusini eti ana nuksi, hapa anasujudiwa. Mama mkwe wangu alipofiwa alikuwa akipanda kwake kila juma. Sasa naenda mimi.

Saa nane na nusu mlango ukafunguliwa tena, na mvua ikaanza. Mteja akataka kitambaa chekundu cha Ambubachi. Nikamwambia asubiri, bado siku chache. Siku hizo za sikukuu ya Ambubachi Mama huwa katika hedhi. Hekalu hufungwa siku tatu, wakulima hawalimi kwa kuwa ardhi nayo inapumzika, na siku ya nne mlango ukifunguliwa umati unagombea vipande vya nguo iliyomfunika. Hedhi yake ni baraka. Ila mimi nikiwa katika yangu siingii hekaluni, na hakuna mwanamke ninayemjua hapa anayeingia. Hilo linaniuma, nami nimewaambia hata makuhani wanaonunua maua kwangu.

Saa kumi na moja na robo jioni mlango unafungwa hadi kesho. Nafagia petali na kuhesabu fedha. Saa moja na nusu kuna arati, ibada ya kuzungusha taa, tunapata chakula kilichobarikiwa, kisha nampigia mwenye shamba la maua. Kwa ajili ya Ambubachi nimemwagiza hibiskasi maradufu, na vitambaa vyekundu vinakuja Alhamisi.