Québec huanzia mtoni

Mgeni anayefika mji wa Québec, Kanada, kwa mara ya kwanza huvutwa moja kwa moja na Château Frontenac, ile hoteli ya mwaka 1893 yenye mapaa ya shaba yaliyogeuka kijani, iliyokaa juu ya jabali kana kwamba mji wote ulijengwa kwa ajili yake. Mimi na mke wangu tulikwenda huko mwanzoni mwa Oktoba kwa treni, kutoka Ottawa tunakoishi, na hoteli hiyo tuliiacha hadi baadaye. Tulianza na mto, na sasa nimeridhika kabisa kwamba hiyo ndiyo njia inayomfaa yeyote mwenye Jumamosi na Jumapili tu za kuujua mji huo, kwa sababu Mto Saint-Laurent ndio uliouzaa, na ndio uliouletea vita.

Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kutafuta kahawa, tulipanda kivuko cha kwenda Lévis, upande wa pili. Safari yenyewe ni ya dakika 12 hivi, maana mto hapo umebanwa na upana wake ni takriban kilomita moja. Ukiwa katikati ya maji huhitaji mtu wa kukueleza kwa nini Mfaransa Samuel de Champlain alichagua mahali hapo kuanzisha mji mwaka 1608: jabali limesimama wima juu ya kijia chembamba cha maji, na mwenye mizinga huko juu ndiye aliyeamua meli ipi ipite kwenda ndani ya bara na ipi irudi ilikotoka.

Kilichonishika zaidi ni maji yenyewe. Mtu aliyekulia Unguja huyatazama maji kwa jicho la kupwa na kujaa, na pale gatini niliona nguzo zilizolowa hadi juu ya kimo cha mtu, zimeota mwani wa kijani, na chini yake mawe yenye tope yakimeta juani. Bahari ya wazi iko mbali mno na hapo, na maji ya Québec ni matamu, kwani chumvi huanza kuonekana mbele huko, baada ya Kisiwa cha Orléans. Hata hivyo mto unapwa na kujaa kila siku, na wakati wa bamvua tofauti hufikia mita 5 na zaidi. Sababu yake ni umbo la mlango wa mto. Maji yanayosukumwa kutoka Ghuba ya Saint-Laurent huingia mahali papana, kisha kingo huzidi kukaribiana, na kwa kukosa nafasi ya kutanuka maji hupanda juu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililoamua vita maarufu kuliko vyote katika historia ya Kanada. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Septemba 1759, jemadari Mwingereza James Wolfe aliwapakia askari wake katika mashua, akasubiri maji yaanze kupwa mnamo saa nane usiku, kisha akaziacha zichukuliwe na mkondo hadi Anse-au-Foulon, chini ya jabali. Walinzi wa Kifaransa walikuwa wakitazamia mashua zao za chakula usiku huohuo, na walipouliza nani anapita, walijibiwa kwa Kifaransa. Kulipokucha, jeshi la Waingereza lilikuwa limejipanga juu ya Nyanda za Abraham, uwanda ulio juu ya jabali hilo. Mapigano makuu yalikwisha katika muda usiofika nusu saa. Wolfe alifia uwanjani, na mpinzani wake, Louis-Joseph de Montcalm, akafariki asubuhi iliyofuata.

Leo Nyanda hizo ni bustani ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1908, na katika majira ya mapukutiko sijui mahali pazuri kuliko hapo pa kutembea kwa miguu. Miti ya maple, ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, ilikuwa imewaka. Rangi ya njano huwamo majanini tangu mwanzo, ikifunikwa na klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, lakini nyekundu hutengenezwa upya wakati wa baridi kuingia, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi mkali usiofikia kugandisha. Niliokota jani moja ambalo nusu yake ilikuwa nyekundu ya damu na nusu bado kijani, mpaka wa rangi hizo mbili ukifuata mshipa wa katikati kwa unyoofu wa ajabu.

Mji wa Juu tuliupitia haraka. Kuta zake, zenye urefu wa kilomita 4.6, zilikaribia kubomolewa katika karne ya 19, na Gavana Mkuu Lord Dufferin ndiye aliyesimama kidete zihifadhiwe. UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985. Nakiri mapenzi yangu yako Mji wa Chini. Vichochoro vyake vya mawe vilinikumbusha Mji Mkongwe wa Zanzibar, na katika kanisa dogo la Notre-Dame-des-Victoires, lililoanza kujengwa miaka ya 1680, kuna kitu ambacho mtu wa pwani hawezi kukipita: sanamu ya meli Brézé, yenye milingoti na tanga zake, inaning'inia kutoka darini juu ya vichwa vya waumini. Tulikaa chini yake muda mrefu.

Jioni tulikwenda mtaa wa Saint-Roch, tukaingia katika duka la vyakula vya Kiafrika. Mwenye duka, mama wa Bukavu, alitusikia tukibishana kuhusu unga, akatukatiza kwa furaha: "Karibuni, bandugu yangu!" Ndiye aliyetushauri tusiondoke bila kuona maporomoko ya Montmorency, akatuchorea njia ya basi nyuma ya risiti.

Ushauri wake ulikuwa wa dhahabu. Maporomoko hayo yana kimo cha mita 83, yaani yanayapita ya Niagara kwa takriban mita 30, na chini yake ndipo Wolfe alipojaribu kushambulia tarehe 31 Julai 1759 akashindwa, baada ya mashua zake kukwama kwenye maji mafupi. Tulipanda kwa gari la waya, tukashuka kwa ngazi za mbao, vidato 487, na kwenye vidato vya mwisho manyunyu yalitulowesha kabisa.

Atakayekwenda na achukue koti la mvua, aangalie ratiba ya maji, na apande kivuko mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Chumba kiwekwe mapema pia, kwa kuwa Sikukuu ya Shukrani ya Kanada huangukia Jumatatu ya pili ya Oktoba, na mwisho wa wiki huo hoteli za ndani ya kuta hujaa.