Ukienda Scotland, kaa Fort William

Kila anayeniuliza habari za likizo Scotland huwa amekuja na orodha tayari: Edinburgh, Loch Ness, kisiwa cha Skye, Inverness, vyote ndani ya wiki moja. Namwambia akate nusu. Mvua ya huko haijali ratiba ya mtu. Panga chumba Fort William, mji ambao wenyewe hauna sura ya kujivunia, niseme kweli, ila umezungukwa na karibu kila kitu ninachokipenda.

Fika kwa treni kutoka Glasgow. Reli hiyo, iliyofika Fort William mwaka 1894, inakatiza Rannoch Moor, nyika ya tope na vidimbwi. Mafundi walikosa ardhi ngumu, wakatandika mizizi, matawi na maelfu ya tani za udongo na majivu, ndipo reli ikakaa juu yake. Huko huko nyikani kuna stesheni ya Corrour, mita 408 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna barabara ya umma inayoifikia. Siku moja shuka hapo, uende Loch Ossian ulizunguke ziwa kwa miguu. Ni kazi ya nusu siku. Ratiba ya kurudi iwe mfukoni, maana treni ni chache na teksi hakuna.

Wenyeji watakusifia milima. Mimi nawasifia sheria yao. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2003, mtu yeyote anaruhusiwa kutembea karibu popote, hata kwenye shamba la tajiri, bila kuomba ruhusa, mradi awe na adabu: asikanyage mazao, asiingie bustani ya nyumba ya mtu, geti aliache kama alivyolikuta, na mbwa afungwe kamba penye kondoo. Hata hema unaweza kupiga, isipokuwa sehemu kadhaa za Loch Lomond ambako kuanzia Machi hadi Septemba unahitaji kibali.

Ben Nevis je? Ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345, na kileleni mara nyingi utaona ukungu na migongo ya wenzako. Panda ukitaka sifa. Mimi naona bonde la chini, Glen Nevis, lina raha zaidi. Njia inapita kwenye korongo, maji yakinguruma chini yako, kisha ghafla inafunguka kwenye uwanda wa nyasi na maporomoko ya Steall yakishuka zaidi ya mita 100. Kuna daraja la nyaya tatu tu: moja ya kukanyaga, mbili za kushika. Nilivuka huku nikicheka kwa woga. Dada yangu alikataa katakata, akakaa ng'ambo akila mkate wetu wote.

Glencoe iko karibu kwa basi. Ni bonde zuri lenye habari mbaya: Februari 1692 wanajeshi waliokuwa wamekirimiwa na ukoo wa MacDonald karibu wiki mbili waliamka alfajiri wakawaua wenyeji wao. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wale walishika bunduki.

Sasa usubi. Ni vidudu vidogo mno, vinauma kwa makundi, na vinapenda jioni tulivu yenye unyevu, hasa Juni hadi Agosti. Upepo kidogo tu vinatoweka, kwa hiyo kaa penye upepo na ununue chandarua cha kichwa. Kwangu mwezi bora ni Mei: usubi bado wachache, na saa tatu usiku bado unasoma nje bila taa.

Ikinyesha kutwa, kula kwanza bakuli la supu ya samaki wa moshi, viazi na maziwa, wanayoiita Cullen skink. Kisha nenda Banavie, mwendo mfupi kutoka mjini, ukaangalie Neptune's Staircase, vyumba vinane vya maji vilivyojengwa na mhandisi Thomas Telford kwenye mfereji wa Caledonian, uliofunguliwa mwaka 1822. Boti hupandishwa chumba kwa chumba kwa saa moja na nusu hivi. Kutazama ni bure, na manahodha wa likizo wanaogombana na wake zao kuhusu kamba ni burudani tosha.