Land Rover ya baba tulianza kuifufua kwa breki

Nilidhani turubai ndilo lililolitunza gari. Baba alipofariki mwaka 2009, Land Rover yake, ile ndefu iitwayo 109, ya petroli, ilibaki nyuma ya nyumba yetu Tukuyu, kando ya migomba. Mimi mwenyewe nililinunulia turubai zito la bluu, nikalikaza kwa kamba pande zote mpaka chini, nikarudi zangu Uyole kufundisha, roho imetulia. Tulipolifunua miaka kumi na miwili baadaye, juu lilikuwa zuri tu, rangi ya kijani bado inang'aa. Uozo ulikuwa chini. Anayeijua Tukuyu anajua kwamba kule mvua ndiyo mwenyeji, jua ndilo mgeni. Turubai lilizuia maji ya juu, likaufungia ndani unyevu unaopanda kutoka ardhini, na chasisi ikawa inatoka jasho kila usiku miaka yote hiyo. Nguzo nne na bati sita, upepo ukipita chini, zingeniokolea zaidi ya shilingi milioni moja.

Watu husema Land Rover za zamani hazishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Ni kweli nusu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya alumini. Lakini chasisi ni chuma, na ule ukuta unaoitenga injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Halafu pale alumini inapobanwa na boliti za chuma, unyevu ukiingia katikati, alumini huliwa na kuwa unga mweupe kama wa muhogo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, jambo hilo nimelieleza ubaoni mara nyingi. Siku hiyo niliukwangua ule unga kwa ukucha kwenye mlango wa baba.

Baba mdogo alikuwa ameshaleta wanunuzi wa vyuma chakavu. Walifika milioni moja na laki nne. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kitu kimekufa. Chukua hela, mnunulie mama yako ng'ombe wa maziwa." Mama hakujibu. Alifungua mlango wa abiria, akamwondoa kuku aliyekuwa anaatamia kwenye kiti, akakaa yeye. Wale vijana walikunja mizani yao wakaondoka.

Sasa hapo ndipo ningeweza kuliua gari kweli. Mdogo wangu alikuwa ameazima betri, majirani wamekusanyika, kila mtu anataka kusikia injini ikinguruma. Kwa bahati nilikuwa nimempigia simu fundi mzee wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye baba alikuwa akimpelekea gari zamani. Hata shikamoo yangu hakuijibu vizuri. "Marahaba, marahaba. Madam, asiguse mtu ufunguo huo. Nitakuja Jumamosi."

Alikuja na chupa ya oili na spana ya plagi, basi. Injini ikikaa muda mrefu hivyo, oili yote huteremka chini na ringi za pistoni hushikana na kuta za silinda kwa kutu. Ukipiga stata, kitu kinaweza kuvunjika, hasa ringi. Tulifungua plagi nne, tukamimina kila silinda vijiko kadhaa vya oili iliyochanganywa na dizeli, tukaacha siku kumi. Katika kusubiri tukafungua kichujio cha hewa: panya walikuwa wamejaza pamba ya godoro na maganda ya mahindi. Waya nazo walikuwa wamezitafuna upande mzima wa kushoto. Petroli iliyobaki kwenye tanki ilinuka vanishi.

Siku ya kumi na moja alichomeka mbele hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Gari hizi zina tundu la hendeli kwenye bampa, na wengi wa rika langu hatujawahi kuitumia. Alinionyesha jinsi ya kushika: dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli, kwa sababu injini siku ikiamua kurudi nyuma inaondoka na dole lako. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Ikasogea kama robo ya mzunguko, tukasikia oili ikifyonzwa ndani. Mzee akachomoa hendeli, akaifuta, akairudisha chini ya kiti. "Yenyewe iko hai. Tuiache sasa. Tufanye breki."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeahidi watu mngurumo.

Breki zilihitaji gereji. Kulipandisha gari kwenye Fuso tulitumia ukingo wa barabara: Fuso likarudi nyuma mtaroni mpaka sakafu yake ikalingana na ukingo, tukasukuma. Kabla ya hapo ilibidi magurudumu mawili ya nyuma yagongwe kwa nyundo na gogo, maana shuu, vile vipande vya breki vinavyobana, zilikuwa zimegandana na dramu, ile ngoma inayozunguka na gurudumu. Tukapita Kiwira, Isongole, Isyonje kwenye ukungu, tukateremka Uyole usiku.

Pale gereji, chasisi ilichukua wiki tatu. Ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, minne kati yake ilikuwa inatoboka kwa bisibisi. Mchomeleaji alitaka kubandika viraka juu ya kutu. Mzee akakataa, akamfanya akate mpaka afike kwenye chuma kinachotoa cheche safi, ndipo aunge. Nililipa 650,000 kwa kazi na vyuma. Ukarabati mwingine wa bodi na rangi sina cha kusimulia, isipokuwa kwamba kijani niliyoipata si ile ya baba na mama aliiona hapo hapo.

Breki ndizo zilizonifundisha. Mzee alikuwa na hoja moja tu, na aliirudia kila nilipouliza lini tutawasha: gari lisilowaka halijawahi kumuua mtu. Anayeishi Mbeya na amewahi kuona lori lililokosa breki kwenye mteremko wa Iwambi hahitaji kuelezwa zaidi.

Tulifungua magurudumu yote manne. Wili silinda, yaani visilinda vinavyosukuma shuu, za mbele ziko mbili kila upande, za nyuma moja moja, kwa hiyo sita jumla, na zote sita pistoni zilikuwa zimeganda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji hayo hula chuma kutokea ndani. Tulitupa zote. Mabomba ya chuma tukatupa, hosi za mpira tukatupa. Shuu zenyewe zilikuwa nzima, zikagongwa laini mpya, ule utando unaosugua dramu, kwa riveti.

Hapa ndipo nilipofanya uboreshaji wangu mkubwa. Breki za gari letu zilikuwa za mkondo mmoja: bomba moja likipasuka popote, hata gurudumu la nyuma, pedali inashuka mpaka sakafuni na huna breki ya mguu hata moja. Niliomba tuweke masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, ya vyumba viwili, mbele peke yake na nyuma peke yake, pamoja na sevo ya kupunguza nguvu ya mguu. Duka la kwanza waliniuzia masta silinda iliyokuwa pana kuliko ya mwanzo, wakisema kubwa ndiyo imara. Ilifungwa, pedali ikawa ngumu kama jiwe, gari likawa linasimama kwa kuomba. Nililala nikiwaza, asubuhi nikacheka peke yangu. Ni kanuni ya Pascal, ninayoifundisha mwenyewe! Nguvu ileile ya mguu kwenye pistoni yenye eneo kubwa huzaa mgandamizo mdogo. Pana zaidi maana yake breki dhaifu zaidi. Muuzaji alikataa kuipokea kwa kuwa imeshafungwa. Nikanunua nyingine yenye kipenyo sawa na ya zamani.

Kisha upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki. Tulitoa upepo kwenye mabomba siku mbili nzima na pedali bado laini kama embe bivu. Kijana wa gereji akaapa masta silinda mpya ni mbovu. Mzee alipofika alikunja kanzu, akaingia chini, akakaza zile nati za kurekebishia shuu, zilizo nyuma ya kila gurudumu, mpaka shuu zikakamata dramu kabisa na magurudumu yasizunguke. Ndipo akasema, "Toeni upepo sasa." Mizunguko mitatu, pedali ikasimama juu. Shuu zikiwa zimebanwa, pistoni za wili silinda hazina pa kwenda, kwa hiyo mguu wako unasukuma mafuta na upepo nje badala ya kuzichezesha pistoni. Baadaye unalegeza nati mpaka gurudumu lizunguke huru. 109 zinajulikana kwa ugumu wa kutoa upepo, na hii ndiyo dawa. Kama umekuja kusoma kwa ajili ya jambo moja, chukua hilo.

Injini ikaja mwisho, na ikawa rahisi kuliko yote. Tanki tulilitoa, tukalitia kokoto na maji ya sabuni, vijana wakalitikisa kwa zamu. Kabureta ikafunguliwa ikaoshwa. Nafasi ya tapeti za valvu ikapimwa milimita 0.25, pointi za cheche zikasuguliwa. Iliwaka kwa hendeli Jumapili moja saa kumi jioni, ikatoa moshi mweupe uliofunika gereji nzima, ikatulia. Mzee akaenda kunawa.

Watu wengi walinishauri niitupe injini hiyo, niweke ya dizeli ya Toyota kutoka Hiace. Si ushauri wa kipuuzi. Land Rover nyingi Mbeya zinatembea hivyo, na petroli hii inakunywa, lita moja kilomita tano au sita hivi. Lakini kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya zamani kunahitaji sahani ya kuchongwa vizuri, ikipinda kidogo tu unakula klachi kila mwaka, na namba ya injini kwenye kadi haitalingana tena. Mimi gari ni la Jumamosi. Dizeli ingenichukua miaka mingi kurudisha gharama.

Nilichobadilisha ni kile kinachohusu usalama: mikanda ya viti, na taa za mbele za halojeni zenye rilei, kwa sababu swichi ya zamani ilikuwa inabeba umeme wote wa taa na ingeungua. Matairi mapya 7.50-16 manne yalimeza karibu milioni moja na nusu. Mfumo wa cheche wa kielektroniki niliukataa. Pointi zikigoma usiku Isyonje nitazisugua kwa msasa; kile kiboksi kikigoma, nitalala hapo.

Karatasi ni hadithi nyingine. Kadi ilikuwa na jina la marehemu, na hakuna aliyewahi kufungua mirathi kwa sababu "ni gari bovu tu". Tukarudi nyuma: kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, mimi nikateuliwa msimamizi, ndipo umiliki ukahamishwa. Ilichukua muda mrefu kuliko chasisi. Ningekuwa naanza leo ningefungua faili hilo kabla ya kununua hata boliti, maana nilikuwa tayari nimetumia zaidi ya milioni sita kwenye gari ambalo kisheria halikuwa langu. Kilichonisaidia ni kwamba ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Tulienda nalo Tukuyu mwezi wa saba, 2023, baridi kali. Kutoka Isyonje nilishuka kwa gia ya pili nyuma ya Fuso la viazi, na kila nilipogusa pedali gari lilisimama limenyooka, halivuti kushoto wala kulia. Mama alikuwa anatusubiri getini. Alilizunguka mara moja, akapiga boneti kofi kama anavyompiga ng'ombe. "Ndaga fijo," akamwambia mzee, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akanigeukia: "Ila kijani si hii."

Linavuja bado. Sili ya nyuma ya injini inadondosha kama kifuniko kimoja cha chupa kwa wiki, nimeweka kopo. Jambo linalonisumbua zaidi ni gurudumu la nyuma kulia: juzi nimeona unyevu kwenye rimu kwa ndani, na sijui kama ni oili ya difu imepita sili ya habu au ni mafuta ya breki. Kama ni oili, laini zitakuwa zimelowa. Jumamosi nafungua dramu, na mpaka hapo limepaki.