Kuhesabu mishororo na Inger Christensen

Mshairi Inger Christensen alizaliwa Vejle, Denmark, mwaka 1935, binti wa fundi cherehani, akafariki Januari 2009. Kwa anayetunga kwa Kiswahili, jambo la kumfuatilia ni hesabu zake. Sisi tuliokulia kwenye mizani 8 kwa 8 hatushtuki mshairi akihesabu. Huyu alihesabu kingine.

Diwani yake ya alfabet (1981) ina sehemu 14, kutoka A hadi N, kila sehemu ikitaja vitu vinavyoanza kwa herufi yake, na idadi ya mishororo hupatikana kwa kujumlisha sehemu mbili zilizotangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kuendelea. Kwa hesabu hiyo, N ingepaswa kufika mishororo 610. Shairi linakatika kabla. Mshororo wa kwanza ni huu: "abrikostræerne findes, abrikostræerne findes". Yaani miti ya aprikoti ipo, miti ya aprikoti ipo.

Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokwama. Kidenishi hubandika wingi na umahususi mwishoni mwa neno: abrikostræ, kisha -er, kisha -ne. Herufi ya mwanzo haiguswi. Sisi alama ya ngeli tunaitanguliza, kwa hiyo "miti" inakimbilia M, "wauaji" W, "vitu" V. Ukitafsiri neno kwa neno, alfabeti yote inamwagika kwenye herufi nne tano. Halafu "findes" haibadiliki kamwe, ilhali yetu ni ipo, yupo, zipo, yapo. Kiitikio kinalegea.

Dawa ni kuanza na nomino zisizobeba kiambishi, hasa za kukopa: asali ipo, bahari ipo, barafu ipo, chumvi ipo. Ukitaka kiitikio kimoja, shikilia umoja wa ngeli ya I-ZI mpaka sehemu ya D. Ukimwingiza chatu kwenye C (ambayo kwetu itakuwa CH), inabidi useme "yupo", na huo mguno mdogo unaweza kukufaa, mradi uwe umeukusudia. Matatizo makubwa yako kwenye I: mishororo 55, na sisi tuna iliki, imani, inzi na vingine vichache. Usilazimishe. Yeye mwenyewe, sehemu zinaporefuka, haanzi kila mshororo kwa herufi husika, analegeza kamba.

Usipoteze B. Pamoja na matunda ya brombær ameweka brom (bromini) na brint. Brint ni haidrojeni, neno lililobuniwa na mwanasayansi Ørsted kutokana na kitenzi cha kuwaka. Msomaji wa Kidenishi anapita hapo kwa utulivu, kumbe mbele kuna brintbomben, bomu la haidrojeni. Kwa Kiswahili haidrojeni inahamia H na mtego unateguka. Ningeweka "baruti ipo" kwenye B. Si kemia ileile, lakini cheche inabaki mahali pake.

Diwani yake nyingine, Det (1969), ni kubwa zaidi na ngumu zaidi. Utangulizi wake unachezea namba 66: mafungu 66 ya mshororo mmoja, kisha 33 ya miwili, 22 ya mitatu, hadi fungu moja la mishororo 66. Mimi ningemshauri anayeanza aende kwanza kwa Sommerfugledalen (1991), soneti 15 (mashairi ya mishororo 14 kila moja) kuhusu vipepeo na kifo. Mshororo wa mwisho wa kila soneti unaanzisha inayofuata, na soneti ya 15 imeundwa kwa mishororo ya kwanza ya zile 14. Anayetunga aiandike hiyo ya 15 kwanza, kwa sababu akiiacha mwisho, vina vitamgomea.